Nakala Zisizo na Jina: Mwalimu wa Kiswahili Mbele ya Mtandao

Walimu chipukizi wa Kiswahili wanapokutana, baada ya kujuliana hali na kuulizana habari za ajira, swali linalofuata aghalabu ni moja: "Una maazimio ya kazi ya muhula huu? Una madokezo ya ushairi?" Jibu nalo huwa ni lilelile: yapo mtandaoni, tafuta tu. Nimelitoa jibu hilo mara nyingi mimi mwenyewe. Makala haya yanakusudia kulichunguza hilo neno "tu", kwa kuwa ndilo lililoniponza.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni maskini mtandaoni na kwamba mwalimu wake hana la kupata huko. Sikubaliani nao. Kinachotukwaza si uhaba. Yale yanayopatikana kwa wepesi ni nakala zisizo na jina la mtu wala tarehe, zilizonukuliwa kutoka nakala nyingine zisizo na jina. Ilhali yale yaliyo bora, yenye wenyewe, na yaliyotolewa bure kwa hiari, yamejificha nyuma ya maneno ambayo hatujafunzwa kuyatafuta. Na sisi tulio vyuoni, ambao tungeweza kuziba pengo hilo, ni wepesi wa kupakua na wazito wa kupakia.

Nianze na kisa changu. Mwaka wa 2021 nilikuwa mwalimu wa bodi katika shule moja ya kutwa isiyo mbali na mji wa Mumias. Shule zote nchini zilikuwa zimefungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021, na kalenda ya masomo ikabanwa ili kufidia muda uliopotea. Kila mtu alikuwa mbioni. Nilipofikia bahari za ushairi katika Kidato cha Tatu, niliona maelezo ya kitabu cha kiada kuwa mafupi mno, nikaingia mtandaoni usiku, nikapakua kurasa sita zilizopangwa vizuri, zenye vichwa vilivyokolezwa wino, na asubuhi nikawa darasani.

Kurasa zile zilikuwa zimebadilishana ukara na ukaraguni. Msomaji wa jarida hili hana haja ya kufunzwa, lakini niliweke jambo hili wazi ili uzito wa kosa uonekane. Shairi ambalo vina vya kipande kimoja, tuseme cha utao, havibadiliki kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali vya ukwapi vinabadilika, hilo ni ukara. Shairi ambalo vina vya vipande vyote viwili vinabadilika kila ubeti, hilo ni ukaraguni. Madokezo yangu yalisema kinyume. Mimi ni mhitimu wa Kiswahili. Nilipaswa kulijua hilo, na kwa hakika nililijua, kwa maana nililitolea jibu sahihi katika mtihani wa mwaka wa pili chuoni. Lakini karatasi iliyochapwa ina mamlaka yake, na usingizi wa saa nne una udhaifu wake. Nilisoma kilichoandikwa.

Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono. "Mwalimu," alisema, "kitabu alichoniachia kakangu kinasema vingine." Kilikuwa kitabu cha zamani cha ushairi, kisicho na jalada. Sikukiangalia. Nilimjibu kwamba vitabu hupitwa na wakati na kwamba haya niliyokuja nayo ndiyo mapya. Akaketi, akafuta alichokuwa ameandika kwa penseli, akaandika nilichosema.

Muhula huo ulipokaribia kwisha, shule kadhaa ziliandaa mtihani wa pamoja. Katika karatasi ya fasihi paliulizwa bahari ya shairi kwa kuzingatia vina. Vina vya utao havikubadilika. Vya ukwapi vilibadilika. Wanafunzi wangu 41, wote isipokuwa watatu, waliandika ukaraguni. Yule msichana naye aliandika ukaraguni. Wale watatu walioandika ukara ni wale waliokosa shule siku niliyofundisha. Nilisahihisha karatasi hizo kwa mkono wangu, nikiwa na mwongozo wa kusahihisha mezani, na kila nilipokata alama nilijua ni nani hasa aliyekosa.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya nilichopaswa kufanya kabla. Nilirudi mtandaoni, nikaandika maneno machache ya maelezo yale katika kisanduku cha kutafutia, nikapata kurasa 14 zilizokuwa nayo neno kwa neno. Mtu asiye na hadhari angesema: mashahidi 14 wamekubaliana, basi ni kweli. Lakini katika kila moja ya kurasa hizo, neno "kipande" mahali pamoja liliandikwa "kipade". Haiwezekani watu 14 wakadondosha herufi ileile mahali palepale kwa bahati. Alikuwepo mmoja aliyeandika, na 13 walionukuu bila kusoma.

Wenzangu wanaosoma uhakiki wa matini wataitambua kanuni hii mara moja. Nakala zinazoshiriki kosa moja zina mzazi mmoja. Ni kanuni inayotumiwa kupanga ukoo wa miswada ya kale, nayo inamfaa mwalimu wa sekondari vilevile kama inavyomfaa mhariri wa tendi. Kabla hujaamini wingi wa kurasa, tafuta kosa zinaloshirikiana.

Hata hivyo, ipo tofauti moja kubwa kati ya wanukuzi wa zamani na hawa wetu, na tofauti hiyo haitupi sifa sisi tunaojiita watu wa kisasa. Mnukuzi wa mwambao hakuona haya kujitaja. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki 1945, alinukuu tendi nyingi kwa hati za Kiarabu kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na leo mtafiti anaweza kusema kwamba nakala hii ni ya mkono wa Kijumwa na ile si yake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na W. E. Taylor, Hichens akayatoa katika diwani mwaka wa 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akayafanyia uchambuzi katika kitabu kilichotoka Nairobi mwaka wa 1979. Kila kiungo cha mnyororo huo kina jina. Ukitilia shaka neno katika ubeti, unajua pa kwenda kuuliza. Mimi nilipotilia shaka ukurasa wangu, sikuwa na pa kwenda. Palikuwa na tangazo la kuuza simu, na chini yake tangazo la mikopo.

Sasa tugeukie kule ambako mambo ni mazuri, kwa maana sikuandika ili kuomboleza tu.

Mwalimu anayetafuta kwa jina moja hupata theluthi ya kilichopo. Hili nimelijua kwa kuhangaika. Lugha yetu yenyewe imeandikwa kwa namna kadhaa katika vitabu na katalogi za kigeni. Kamusi ya Ludwig Krapf iliyotoka London mwaka wa 1882 inaiita "Suahili". Maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo juu ya desturi, ambayo Carl Velten aliyachapisha Göttingen mwaka wa 1903, yanasema "Wasuaheli". Vitabu hivyo vyote viwili vimepitwa na muda wa hakimiliki, vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa mtandaoni bure. Lakini ukiandika "Kiswahili" katika kisanduku, huenda usiambulie hata kimoja. Mhusika tunayemfundisha kila mwaka, Fumo Liyongo, katika mkusanyiko wa hadithi wa Edward Steere wa 1870 ameandikwa "Liongo". Utendi ni utenzi kwa wengine. Muswada ni mswada. Anayesoma nasi Nairobi huandika "tarakilishi", mwenzake wa Dar es Salaam huandika "kompyuta", na yupo aliyeng'ang'ania "ngamizi" hata leo. Mijadala yetu mirefu kuhusu istilahi ina matokeo haya ambayo hatuyataji kwenye makongamano: mwalimu wa Busia hakioni kilichoandikwa na mwalimu wa Tanga, ingawa wanasema jambo moja kwa lugha moja. (Sishauri tuache kubishana. Nashauri kila aandikaye aweke visawe mwanzoni mwa kazi yake ili mtafutaji amkute.)

Ukishajua kutafuta hivyo, milango hufunguka mingi kuliko ulivyodhani. Jarida la Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani, limekuwa likiwekwa mtandaoni bila malipo tangu miaka ya 2000, na baadhi ya makala yake yameandikwa kwa Kiswahili. Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linapatikana pia. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta vina hazina za tasnifu zilizo wazi kwa yeyote. Humo nimekuta uchambuzi wa riwaya na tamthilia zilezile tunazofundisha sekondari, wenye jina la mwandishi, la msimamizi, na mwaka. Si kila tasnifu ni nzuri, na nyingine ni ndefu bila sababu. Lakini ikiwa na kosa, kosa hilo lina mwenyewe.

Kisha ipo miswada. Maktaba ya SOAS katika Chuo Kikuu cha London ina mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na sehemu yake inaweza kutazamwa kwenye tovuti yake. Mwaka wa 2022 nilipakua picha ya ukurasa mmoja wa utenzi, nikauchapa katika saiba moja mjini kwa shilingi 10, nikaupeleka katika Kidato cha Pili. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka tu waone kwamba Kiswahili kiliandikwa kabla ya wamishonari.

Mumias, kama ijulikanavyo, ni mji wenye Waislamu tangu enzi za Nabongo Mumia na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani. Katika darasa lile alikuwemo kijana aliyekuwa akihudhuria madrasa tangu utotoni. Kwenye somo langu hakuwa na makuu. Alama zake za Kiswahili zilikuwa za chini na yeye mwenyewe alikuwa amezizoea. Nilipoipitisha karatasi, aliishika akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto. Wenzake wakanyamaza.

Baada ya maneno machache akakwama. Alisoma "i" mahali ambapo haikuleta maana. Hapo somo likaanza kujifundisha lenyewe. Irabu za hati ya Kiarabu zinazoandikwa kwa alama ni tatu, ilhali za Kiswahili ni tano. Alama moja huweza kusomwa "i" au "e", nyingine "u" au "o". Sauti kama "p" na "ch" hazina herufi zake katika Kiarabu, na kila mnukuzi alikuwa na namna yake ya kuzimudu. Basi darasa zima likamzunguka. Yeye akitoa herufi, wao wanatoa neno linalowezekana. Neno likitoka, mmoja anahesabu mizani kuona kama linatosha katika kipande. Kwa mara ya kwanza waliona mizani ina kazi nyingine zaidi ya kujibu maswali ya mtihani. Mizani minane ilitusaidia kukataa neno moja na kukubali jingine. Tulisoma beti tatu katika vipindi viwili, na ubeti wa tatu hatukuukamilisha.

Nimepakua mamia ya kurasa katika maisha yangu ya ualimu, na huo mmoja ndio uliofanya kazi kuliko yote. Naona sababu ni kwamba haukuwa na majibu. Madokezo tunayoyapapia huja yakiwa yametafunwa, na mwalimu huyapokea na kuyatema kwa mwanafunzi. Ukurasa ule ulitulazimisha sote, nikiwemo mimi, kutafuna.

Nyenzo nyingine iliyonifaa, ingawa kwa namna tofauti, ni hadithi za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini na ambao tovuti yake imekuwapo tangu 2014. Zipo hadithi fupi kwa lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inamruhusu mwalimu kunakili, kuchapa, kutafsiri na hata kubadilisha, mradi ataje zilikotoka. Ni hadithi za watoto wadogo, na mwalimu wa sekondari anaweza kuzidharau. Mimi nilizitumia kufundisha tafsiri. Niliwapa wanafunzi toleo la Kiswahili na toleo la Kiluhya cha huko, wakayalinganisha, wakabishana kuhusu semi ambazo hazikukubali kuhamishwa. Mabishano yalikuwa makali kiasi kwamba mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza kuna nini.

Neno hilo "leseni" nalitaja kwa makusudi, maana hapa ndipo penye aibu yetu ya pili. UNESCO ilianza kuzungumzia nyenzo huria za elimu mwaka wa 2002, na Novemba 2019 nchi wanachama zikapitisha pendekezo rasmi la kuzikuza. Maana ya nyenzo huria si kitu chochote kinachofunguka bila kudai nywila. Ni kitu ambacho mwenyewe amesema wazi: nimekutoa, kitumieni kwa masharti haya. Lakini katika makundi ya walimu ya kwenye rununu, kazi iliyotolewa na kazi iliyoibwa hupita pamoja, zikiwa zimevaa nguo moja. Nilipokuwa nikifundisha, riwaya teule ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Nilitumiwa nakala yake nzima katika kundi la walimu, nami nikawashukuru kwa kidole gumba na kuisambaza kwa wengine watano. Sikujiuliza. Mwandishi wa Kiswahili hula kutokana na kitabu chake kuwa teule kwa miaka michache, baada ya hapo husahauliwa madukani. Nasi tunaodai kuipenda fasihi yake ndio tunaomnyang'anya hiyo miaka michache. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, kazi ya fasihi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Muyaka hana cha kudai kwetu isipokuwa heshima. Waandishi walio hai wanadai zaidi ya hiyo.

Najua jibu litakalotolewa. Mwalimu wa bodi hulipwa kidogo, bando ni ghali, maktaba za shule ni makabati matupu. Ni kweli, na nimeyaishi hayo. Lakini umaskini wetu hauelezi kwa nini tunachagua kilicho kibovu na cha wizi wakati kilicho kizuri na cha halali ni bure vilevile. Ukurasa wa utenzi ulinigharimu shilingi 10. Tasnifu hainidai kitu. Ninachokosa ni mazoea, na mazoea hayo sikufundishwa popote. Katika miaka minne ya shahada ya kwanza nilifundishwa jinsi ya kuandika maazimio ya kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi. Sikufundishwa hata kipindi kimoja jinsi ya kukipima kitu nilichokikuta mtandaoni: nani alikiandika, lini, alikitoa wapi, kinaruhusiwa kutumiwa vipi, na kosa lake litajulikanaje. Ni maswali ambayo mhadhiri wa fasihi simulizi hutufunza kumuuliza fanani, na mhadhiri wa uhakiki hutufunza kuuliza matini. Sijui kwa nini tunayaacha mlangoni tunapowasha tarakilishi.

Jambo hili limezidi kuwa la dharura tangu mwishoni mwa 2022, zana za akili unde zilipoanza kupatikana kwa kila mwenye rununu. Niliiuliza mojawapo tofauti ya ukara na ukaraguni. Mara ya kwanza ilijibu sawasawa. Nilipouliza tena kwa maneno tofauti, ilibadilisha, kwa ujasiri uleule na adabu ileile. Sishangai. Zana hizo hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na kwa bahari zetu za ushairi yaliyopo kwa wingi ni wale ndugu 14 wa "kipade". Basi mwalimu ajaye hataona hata kosa la tahajia la kumwonyesha ukoo wa jibu alilopewa. Atapata sentensi safi.

Ndipo ninapovigeukia vyama vyetu vya Kiswahili vyuoni, nikianza na hiki chetu. Kila mwaka tunaandaa kongamano, tunaalika wageni, tunapiga picha, tunakariri mashairi yanayokisifu Kiswahili. Kila mwanachama wa mwaka wa tatu na wa nne ana daftari la madokezo aliyoyapata kwa wahadhiri stadi, na kila mmoja ameandika insha iliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Yote hayo huishia sandukuni. Tungechukua mada 20 tu za ushairi na isimu zinazofundishwa sekondari, kila moja ikaandikwa na wanafunzi wawili, ikapitiwa na mhadhiri mmoja, ikatiwa majina ya wote watatu na tarehe, ikatolewa kwa leseni huria, katika faili jepesi linaloweza kupakuliwa kwa bando la shilingi 20 na kuchapwa bila rangi, tungekuwa tumemfanyia mwalimu wa Mumias jambo ambalo kongamano halijamfanyia. Wahadhiri wengine wameniambia wanahofia kuibiwa. Hofu hiyo naielewa, lakini madokezo yao yameshaibwa. Yanazunguka tayari, bila majina yao na yakiwa na makosa ambayo si yao. Kuyatoa kwa jina ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuyamiliki.

Na kwa asiyetaka kungoja chama, Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Mtu yeyote anaweza kusahihisha makala humo, na kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la mtumiaji na saa aliyoliweka. Kijumwa angeuelewa utaratibu huo bila kuelezwa.

Mimi mwenyewe nilijaribu kwa kiasi changu. Baada ya mtihani ule niliomba radhi mbele ya Kidato cha Tatu, nikamwomba yule msichana alete kitabu cha kakake, nikafundisha somo upya kutoka humo. Hakusema neno. Alikileta kikiwa kimefunikwa kwa gazeti jipya.

Kisha niliwaandikia wenye kurasa tatu kati ya zile 14, wale ambao anwani zao zilionekana. Wawili hawakujibu. Wa tatu alijibu kwa upole: "Asante mwalimu, tutumie yaliyo sahihi." Nilikesha nikiandika kurasa mbili kuhusu bahari za ushairi kwa kuzingatia vina, na mifano niliyoitunga mwenyewe. Mwishoni nikaweka jina langu, tarehe, na sentensi moja ya kuruhusu yeyote kuzitumia mradi anitaje. Baada ya wiki kadhaa nilizikuta kwenye ukurasa wake. Ukara ulikuwa ukara, na ukaraguni ukaraguni. Jina, tarehe na sentensi ile ya mwisho vilikuwa vimeondolewa. Mwaka huu nilipokuwa nikiandaa makala haya nilizitafuta tena, nikazikuta katika kurasa nyingine tano. Nilizitambua kwa sababu usiku ule, kwa usingizi, katika aya ya pili niliandika "ubati" nikikusudia "ubeti", na zote tano zinasema "ubati".